Mzigo wa Jirani Haungoji

Masomo: Wagalatia 6:1-5, Marko 9:38-41

Popote mlipo, kama mnakunywa chai kabla ya kwenda kazini, au mama umeinama jikoni unakoka moto, au wewe ndugu umelala kitandani kwa ugonjwa, karibuni tuzungumze pamoja kwa muda huu mfupi.

Leo nataka kuwasimulia habari za makanisa yetu ya Kenya tangu siku za wazee wetu. Si habari za kujisifu. Ni habari za watu waliompenda Bwana mmoja, wakagombana juu ya Meza yake, na hata hivyo wakajikuta wameinama chini ya mzigo mmoja.

Meza iliyoleta ugomvi

Mwezi wa Juni 1913 wamishenari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, penye misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwako Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti, na watu wa Africa Inland Mission. Mwenyekiti alikuwa Askofu J. J. Willis wa Uganda, na pamoja naye alikuwako Askofu W. G. Peel wa Mombasa.

Shida iliyowaleta pamoja si ngumu kuielewa. Misheni zilikuwa zimegawana nchi kama ndugu wanavyogawana shamba la baba yao: hapa pako, pale pangu. Kwa hiyo mara nyingi mtu wetu hakuwa Mpresbiteri au Mwanglikana kwa sababu ya kupima mafundisho. Alikuwa hivyo kwa sababu alizaliwa upande huu wa mto na si upande ule. Sasa kijana aliyebatizwa kwao mlimani akishuka Nairobi au Mombasa kutafuta kazi, alikuta kanisa jingine lenye desturi nyingine, na huenda asikaribishwe kwenye Ushirika Mtakatifu. Kwao alikuwa ndugu. Huku alikuwa mgeni, hata kati ya Wakristo wenzake.

Mkutano wa Kikuyu ulitafuta dawa ya jambo hilo. Walipanga shirikisho la misheni, ili mwishowe Waafrika wapate kanisa moja. Mkutano ulipokwisha, walifanya ibada ya Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wascotland. Askofu Peel, Mwanglikana, aliongoza ibada, na Wakristo wa madhehebu mengine wakapokea mkate na kikombe kutoka mkononi mwake.

Kwetu leo jambo hilo laweza kuonekana dogo. Siku zile lilitikisa kanisa. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye naye alikuwa Mwanglikana, aliposikia habari alihuzunika sana. Aliamini kwamba uaskofu na sakramenti ni amana waliyokabidhiwa, wala hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuigawa apendavyo. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka maaskofu wenzake wawili wajibu mashtaka ya uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa neno "Kikuyu". Jibu lilipotolewa mwaka 1915, maaskofu wale hawakuhukumiwa kuwa wazushi, lakini walishauriwa kwamba ibada ya namna ile isirudiwe.

Hivyo ndivyo ulivyokwama mpango wa Meza moja. Tusimcheke Askofu Weston, wala tusiwacheke wale wa Kikuyu. Kila upande ulisema kwa dhamiri mbele za Mungu. Lakini tujiulize: wakati wakubwa wanaandikiana barua, mtu maskini wa nchi hii alikuwa wapi?

Njia ya wapagazi

Alikuwa njiani, na mzigo kichwani. Agosti 1914 vita vilikuwa vimeanza Ulaya, vikafika mpaka wetu na nchi iliyokuwa ya Wadachi, ambayo leo ni Tanzania bara. Katika mapori yale wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, na magari yalizama katika matope. Basi chakula na risasi vilibebwa na watu. Walichukuliwa kwa maelfu kutoka vijijini, wengi wao bila hiari. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa homa ya mapafu, kuliko waliokufa kwa risasi. Hata kwa hesabu ya serikali peke yake walikufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba hesabu hiyo ni ndogo mno. Ukipita Kariokor mjini Nairobi, unapita juu ya ukumbusho wao, maana jina hilo latokana na jina la Kiingereza la kikosi kile cha wapagazi.

Sasa angalieni jambo hili, wapendwa. Mwaka 1916 Askofu Weston alikusanya kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akavaa viatu vya safari, akatembea nao kwa miguu bara. Aliona kwamba watu wake wasipokuwa na mtu wa kuwaangalia watakufa kama nzi. Mwaka uliofuata, serikali ilipowakamata watu kwa wingi hapa Kenya, Daktari John Arthur, Mpresbiteri wa Kikuyu, alifanya vilevile. Alikwenda na kikosi cha vijana wa misheni, zaidi ya 1,500, waliotoka katika misheni za Wascotland, za CMS na za Africa Inland. Waliwekwa pamoja, wakaongozwa na watu waliowajua, wakaangaliwa chakula chao na afya yao. Kwa hiyo vifo vyao vilikuwa vichache ukilinganisha na maangamizi ya vikosi vingine.

Simwambii mtu kwamba vita vile vilikuwa vyema. Vilikuwa vita vya wengine, na watu wetu wakavilipia. Lakini nawaomba mwone picha hii. Daktari wa misheni ile ya Kikuyu na askofu aliyekipinga kitendo cha Kikuyu, mmoja baada ya mwingine, wanashika njia moja. Hawajapatana juu ya Meza. Hakuna aliyebadili mafundisho yake. Lakini mpagazi anayeanguka katika tope haulizi, "Je, anayeniinua amewekewa mikono na askofu?" Mzigo wa jirani haungoji wachungaji wapatane.

Julai 1918, kabla vita havijaisha, walikutana tena Kikuyu. Safari hii Askofu Weston alikuja mwenyewe. Alizungumza, akasikilizwa, akatoa mapendekezo yake; lakini hawakuafikiana juu ya kanisa moja. Hata hivyo misheni zile nne za 1913 zilifanya lile lililowezekana. Ziliunda Muungano wa Misheni za Kiprotestanti, ili zifanye pamoja kazi ambazo hakuna hata moja iliyoziweza peke yake.

Waraka wa serikali

Mtihani ulikuja upesi. Oktoba 1919, kwa amri ya Gavana Edward Northey, ulitoka waraka uliowaagiza maofisa wa wilaya na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya masetla. Hata wanawake na watoto waliokaa karibu na mashamba hayo walitajwa. Na kila mwananchi alijua maana ya neno "kuhimiza" linapotoka kinywani mwa chifu mwenye askari nyuma yake.

Askofu Willis wa Uganda, Askofu Heywood wa Mombasa na Daktari Arthur walitoa tamko la pamoja. Waanglikana wawili na Mpresbiteri mmoja, sahihi zao katika karatasi moja: hilo lilikuwa tunda la Muungano. Walionya kwamba waraka ule utawaumiza wanyonge na kuwafanya machifu kuwa wakatili. Walifanya vyema. Lakini kweli isemwe: hawakuikataa kabisa kazi ya lazima. Walisema kwamba kama ni lazima iwepo, basi iwekwe wazi katika sheria, na watu walindwe.

Ndipo ilipotoka sauti nyingine, yenye nguvu kuliko yao. Ilitoka Zanzibar. Askofu Weston, ambaye kanisa lake kuu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, hakuweza kuvumilia. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kilichochapishwa London, akasema kwamba kumlazimisha Mwafrika kufanya kazi kwa faida ya tajiri wa kigeni ni dhambi, na sheria haiwezi kuitakasa. Huyu ndiye aliyewanyima wenzake ushirika wa Meza! Lakini watu wao walipoonewa, aliwatetea kwa ukali kuliko wachungaji wao wenyewe.

Hapa tunajifunza jambo ambalo mara nyingi tunalisahau tunapohubiri umoja. Wanaokaa pamoja katika kamati hujaribiwa kutafuta neno laini ambalo kila mtu atalikubali. Kwa hiyo wanahitaji ndugu aliye nje ya kamati, awaambie, "Hapana, neno lenu ni dogo kuliko dhambi hii." Yohana alimwambia Bwana kwamba wamemkataza mtu mmoja kufanya kazi kwa jina lake, kwa sababu hakufuatana nao. Bwana hakumsifu Yohana. Alimwambia wasimkataze.

Huko Uingereza J. H. Oldham, aliyekuwa katibu katika kazi ya misheni, aliwakusanya viongozi wa makanisa mbalimbali, nao wakapeleka malalamiko yao serikalini. Mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, aliagiza kwamba maofisa wa serikali wasitumike tena kuwatafutia wenye mashamba vibarua. Dhuluma haikuisha siku ile, wala kipande hakikuondolewa shingoni. Lakini mlango mmoja ulifungwa, na haukufungwa na dhehebu moja.

Wala tusidhani kwamba wananchi walikaa wakingoja kutetewa. Mwaka huo huo wa 1921 Harry Thuku, kijana aliyesomea misheni ya Kambui, alisimama na wenzake kupinga kipande, kodi, na kazi ya lazima ya wanawake na wasichana. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, na wengi wakafa. Wamishenari wengi walimwona Thuku kuwa mchochezi. Waliweza kumsemea Mwafrika. Kumsikiliza akijisemea mwenyewe kuliwashinda. Hayo nayo ni historia yetu, na yatufaa kuyakumbuka kwa unyenyekevu.

Waliofaulu na waliobaki

Muungano ule ulizaa shule. Tarehe 1 Machi 1926 Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu. Watu wengi hulitaja jina hilo bila kuuliza limetoka wapi. Limetoka katika Muungano wa 1918. Ni kumbukumbu yake. Misheni zilizokuwa zikigawana mito na milima zilikubali kuwapeleka vijana wao bora darasa moja. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, waliosomea hapo walikuwa wengi kati ya viongozi wa kwanza wa nchi.

Hayo yalikuwa mema. Lakini ilikuwa shule ya waliofaulu. Je, wale waliobaki?

Swali hilo liliulizwa wazi baada ya miaka 40. Kufikia wakati huo umoja wa misheni ulikuwa umegeuka kuwa umoja wa makanisa yenyewe, na tangu mwaka 1943 kulikuwa na Baraza la Wakristo la Kenya, ambalo leo tunaliita NCCK. Mwaka 1966 Baraza hilo, pamoja na chama cha makanisa cha mambo ya elimu, lilitoa taarifa iliyokuwa na swali badala ya kichwa cha maneno: baada ya shule, kuna nini?

Mnawakumbuka vijana wa siku zile, nanyi wazee mlikuwa ndio wao. Mtoto amemaliza shule ya msingi. Baba ameuza mbuzi, mama ameuza maharagwe, karo imelipwa. Mtihani umefanywa. Nafasi za sekondari ni chache, na jina lake halimo. Shambani haoni pake, kwa sababu aliambiwa kwamba kitabu kitamtoa shambani. Anaweka karatasi yake mfukoni, anapanda basi kwenda Nairobi, anagonga milango ya maofisi mpaka soli inakwisha. Kila dhehebu lilikuwa na vijana kama hao. Hakuna lililoweza kusema, "Hao ni wa kanisa lile."

Makanisa yalishauri, na katika miaka ya mwisho ya 1960 yakaanza kujaribu, chuo cha namna mpya: politekniki ya kijiji. Haikuhitaji majengo makubwa. Wenyeji walichagua kamati, wakatoa kiwanja, wakasimamisha banda. Mafundi wa palepale walifundisha useremala, uashi, ushonaji na kilimo, kwa vifaa ambavyo kijana angeweza kuvipata kwao. Nia haikuwa kumpa cheti cha kwenda nacho mjini. Nia ilikuwa kumpa mikono itakayohitajiwa na majirani zake: atengeneze mlango wa huyu, ashone sare za watoto wa yule. Na jina lenyewe lilikuwa la kijiji, si la dhehebu.

Haikuwa kazi nyepesi. Wazazi wengi waliiona kuwa shule ya walioshindwa. Vijana nao walitaka cheti, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilianza kuvisaidia vyuo hivyo, vikaenea nchi nzima. Leo vingi vina majina mengine mlangoni. Hata hivyo ukifungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, utaona politekniki za vijiji zimetajwa kati ya kazi za serikali za kaunti. Wazo lililozaliwa katika kikao cha makanisa, kwa ajili ya watoto waliobaki nje, limeandikwa katika sheria kuu ya nchi. Na hapo halikutajwa kanisa lolote. Nadhani ni vizuri kwamba halikutajwa.

Mzigo ulio barabarani kwenu

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 makanisa kadhaa ya Afrika Mashariki yalikuwa yakizungumza habari za kuungana na kuwa kanisa moja. Mazungumzo yale hayakuzaa kanisa moja. Ndiyo kusema, mara mbili wazee wetu walijaribu kukaa Meza moja, na mara mbili ikawashinda. Huzuni hiyo si ndogo, wala nisingetaka mtu aizoee. Bwana wetu aliomba kwamba tuwe na umoja, na ombi hilo bado linangoja jibu letu.

Lakini kila mara walipoinama pamoja chini ya mzigo wa mtu mwingine, Mungu alibariki. Mtume Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo, na anasema kwamba kwa kufanya hivyo tunaitimiza sheria ya Kristo. Hakusema tungoje kwanza tukubaliane juu ya ubatizo, juu ya kofia ya askofu, au juu ya namna ya kuimba.

Sasa, ndugu msikilizaji, tazama barabara ya kwenu. Huenda kuna makanisa matatu, na kila moja lina mabati yake, ngoma zake na harambee yake ya kupanua jengo. Na kati ya hayo makanisa matatu kuna nyumba ya mjane inayovuja. Kila kanisa linasema, "Huyo si mshirika wetu, ana kanisa lake." Kuna kijana aliyekosa karo, na kila kamati inaangalia kitabu chake cha majina, haimwoni. Je, mvua ikimwingia mama yule, inamnyeshea kwa dhehebu?

Nawaomba mfanye jambo moja wiki hii. Wazee wa kanisa lenu waende, wasiandike barua, waende kwa miguu, mpaka kwa wazee wa kanisa jirani, waulize: "Ni mzigo gani hapa mtaani ambao sisi na ninyi tumeuacha kwa sababu kila mmoja alidhani ni wa mwenzake?" Mkiupata, uinueni pamoja. Msiandike jina la kanisa juu yake. Na akitokea mtu wa nje, wa dhehebu ambalo hamlipendi, akawaambia kwamba mmefanya kidogo mno, msimkataze. Huenda ametumwa na Bwana.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeubeba msalaba wako hadi mgeni kutoka Kirene alipowekewa aubebe, utusamehe kwa mizigo tuliyoipita njiani tukibishana. Utupe macho ya kumwona jirani kabla ya kuuliza kanisa lake. Utufikishe siku moja kwenye Meza yako pamoja, na kabla ya siku hiyo, usituache tusimame mikono mitupu. Amina.

Mungu awabariki. Kwa herini, mpaka tutakaposikilizana tena.